Kompyuta mpya nyumbani: ni nini hasa kinachohitaji kutunzwa?

Jirani yangu mmoja hapa Mamboleo, mwalimu wa shule ya msingi, aliniita kwake jioni moja baada ya kurudi na laptopu aliyoinunua mjini Kisumu. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeleta kitu kipya nyumbani. Kwenye kasha palikuwa pameandikwa kwamba diski yake ina gigabaiti 256 za nafasi, lakini alipoiwasha kompyuta na kuitazama diski yenyewe, alionyeshwa 238. Aliniambia, "Hizi gigabaiti kumi na nane zimekwenda wapi? Nimeibiwa." Siku hiyohiyo watu watatu walikuwa wamempa ushauri: wa kwanza kwamba ni lazima aichaji kwa saa nane kabla ya kuitumia, wa pili kwamba Windows 10, ule mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta, "imekufa" na kila kompyuta inayoitumia itazimika yenyewe, na wa tatu kwamba akichomeka gadi ya friji kwenye soketi hatakuwa na haja tena ya kuogopa umeme.

Hakuwa ameibiwa, na katika ushauri ule hakuna uliokuwa sahihi, ingawa kila mmoja ulikuwa na chembe ya ukweli iliyowahi kufaa mahali fulani. Nimeona mkanganyiko huohuo Kakamega, Nakuru na Bungoma, kwa watu waliosoma na wasiosoma, na ninaamini chanzo chake ni kimoja. Tunaitazama kompyuta kana kwamba ni kitu kimoja kama redio, ilhali ni viwili. Kuna mashine, ambayo ikiharibika fundi huitengeneza au ukanunua nyingine; na kuna yaliyomo ndani yake, yaani picha za arusi, alama za wanafunzi, hesabu za chama, barua za shamba, ambayo hakuna duka katika barabara nzima ya Oginga Odinga linaloyauza. Wengi wetu tunakitunza cha kwanza kwa bidii na kukiacha cha pili bila ulinzi wowote.

Kumbukumbu na hifadhi

Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa dukani kila siku. Muuzaji anaposema kompyuta ni "nane kwa mbili hamsini na sita", anataja vitu viwili visivyofanana. Nane ni gigabaiti za kumbukumbu, ile iitwayo RAM. 256 ni gigabaiti za hifadhi, yaani diski. Mfikirie mama anayeuza nyanya na mboga katika soko la Kibuye. Mbele yake ametandaza gunia, na juu ya gunia hilo ndipo anapopanga mafungu, anapopunguza bei na anapouza. Nyuma ana stoo anamofungia mzigo wote jioni. Gunia lile ndilo kumbukumbu, na stoo ndiyo hifadhi. Gunia likiwa dogo, kila mteja anapoulizia kitu kisichokuwapo mbele itambidi mama ainuke akimbilie stoo, na biashara itakwenda polepole hata kama stoo hiyo ni kubwa kama ghala la nafaka.

Ndiyo maana mtu hufuta picha mia mbili akitarajia kompyuta iongeze kasi, kisha asione tofauti yoyote. Alichopunguza ni mzigo wa stoo, wakati msongamano uko mbele kwenye gunia. Isipokuwa diski iwe imejaa pomoni, kufuta vitu hakuongezi kasi. Kinachosaidia ni kufunga programu zilizofunguliwa bila kazi, au kuongeza RAM ikiwa mashine yenyewe inaruhusu. Microsoft husema Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, lakini kwa maoni yangu 4 ni za kuwashia tu. Mtu anayetaka kuandika, kufungua kurasa kadhaa za intaneti na kuhudhuria mkutano wa video asikubali chini ya 8.

Mfano huohuo unaeleza jambo lingine linalowaumiza watu. Mvua ya saa kumi inaposhuka ghafla, kilichokuwa juu ya gunia huloa na kilichokuwa stoo hubaki kikavu. Kumbukumbu hushika vitu maadamu umeme upo; ukikatika, vyote vilivyokuwa humo hupotea papo hapo. Barua uliyoiandika kwa saa nzima bila kuihifadhi ilikuwa bado kwenye gunia.

Diski zenyewe ni za aina mbili. Aina ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea karibu sana juu yake bila kuigusa. Ikipigwa au kuangushwa ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na kuharibu kilichoandikwa. Aina mpya, SSD, haina kitu kinachozunguka, ina kasi kubwa zaidi na huvumilia mitikiso. Kwa kompyuta iliyozeeka, kubadilisha diski ya kuzunguka ukaweka SSD ndilo badiliko linaloonekana waziwazi kuliko yote. Lakini SSD nayo hufa, na mara nyingi hufa kimya bila ile milio ya kukwaruza ambayo diski ya zamani hutoa kama onyo.

Gorogoro mbili

Sasa turudi kwenye gigabaiti 18 za jirani yangu. Nilichukua simu, nikafungua kikokotoo, tukafanya hesabu pamoja mezani. Anayetengeneza diski huhesabu kwa elfu elfu: kwake gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000, kwa hiyo diski ya 256 ina baiti bilioni 256, na kweli zimo zote. Windows huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa sababu kompyuta hufanya kazi kwa namba zinazozidishwa kwa mbili. Kwake gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 256 kwa namba hiyo ndefu na jibu ni 238 na ushei.

Kila aliyenunua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, anaelewa jambo hili mara moja. Gunia ni lilelile na punje ni zilezile. Ila mmoja amelipima kwa gorogoro ndogo na mwingine kwa gorogoro iliyozidi kidogo, takriban asilimia 7, na bila shaka mwenye gorogoro kubwa atahesabu chache. Hakuna punje iliyoanguka njiani. Diski ya gigabaiti 500 itaonyesha karibu 465, na ya terabaiti moja itaonyesha karibu 931. Juu ya hapo Windows yenyewe huchukua makumi ya gigabaiti, kama vile mlinzi wa ghala naye anavyohitaji pa kulala. Uso wa jirani yangu ulilegea pale namba ilipotokea kwenye skrini ya simu, na akanieleza kwamba tayari alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwambia muuzaji asubuhi.

Wizi wa kweli upo, lakini uko kwingine. Uko kwenye flashi zinazouzwa kwa bei ya chini kabisa zikiwa zimeandikwa terabaiti 2. Flashi ya namna hiyo huwa imechezewa ndani ili iidanganye kompyuta. Itaonyesha terabaiti 2, itapokea faili zako zote bila kulalamika, na ikishajaa kile kiasi kidogo ilicho nacho kwa kweli itaanza kupoteza au kuandika juu ya vilivyotangulia. Utagundua siku utakapozihitaji hizo faili.

Namba ya kizazi, na kilichotokea Oktoba 2025

Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji yetu ni mitumba, zile ambazo mabango huziita "ex-UK": zilitumika ofisini Uingereza, zikabadilishwa, zikasafirishwa huku. Si vibaya kuzinunua. Nyingi ni imara kuliko kompyuta mpya za bei nafuu, kwa sababu zilitengenezewa kazi ya ofisi ya kutwa nzima. Hata hivyo kuna namba moja inayopaswa kusomwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Watu hutazama maandishi i3, i5 au i7, yanayotaja aina ya kichakataji cha kampuni ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na kudhani saba ni bora kuliko tano daima. Hiyo ni kama kulinganisha magari kwa ukubwa wa injini bila kuuliza mwaka wa kutengenezwa. Tazama namba inayofuata baada ya kistari. Katika kichakataji kiitwacho i7-6600U, ile 6 ya kwanza ni kizazi cha sita. Katika i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha nane. Cha kwanza, pamoja na saba yake yote, kina viini viwili vya kufanyia kazi; cha pili kina vinne. Kwa kazi nyingi i5 hiyo itaishinda i7 hiyo.

Namba ya kizazi imekuwa nzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 iliyokuwa imetolewa Julai 2015. Hapa ndipo uvumi wa "kufa" ulipozaliwa. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo wala haitazimika kwa sababu hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, yaani viraka vinavyoziba matundu yanayogunduliwa kila mwezi. Nyumba ya mabati haibomoki siku fundi wake anapostaafu. Lakini kila tundu litakalojitokeza baada ya hapo litabaki wazi, na mvua itaendelea kunyesha. Watumiaji wa nyumbani waliwekewa mpango wa kuendelea kupokea viraka hadi Oktoba 2026, na huo ni muda wa kujipanga tu.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Kwa vichakataji vya Intel hutaka kwa jumla kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kwa hiyo laptopu ya kizazi cha sita, hata iwe inang'aa namna gani dukani, haiwezi kuvuka kwenda huko kwa njia iliyo rasmi. Aliye nayo tayari hana haja ya kuitupa. Mifumo ya bure kama Ubuntu na Linux Mint hufanya kazi vizuri katika mashine za umri huo, na LibreOffice, ambayo pia ni ya bure, hutosha kabisa kwa barua, mitihani na hesabu za chama.

Mwenye kununua mtumba afanye pia jaribio moja akiwa bado dukani: aombe kompyuta irejeshwe katika hali yake ya mwanzo kabisa, kisha iunganishwe na intaneti. Kampuni nyingi husajili kompyuta zao kwa namna ambayo, zikisafishwa na kuwekwa mtandaoni, hudai barua pepe ya mfanyakazi wa kampuni hiyo. Ukiona jina la ofisi ya ng'ambo likikukaribisha na kukudai nenosiri, kompyuta hiyo bado ina mwenyewe katika rekodi za huko, na hutaitawala kamwe.

Kuhusu masasisho kwa ujumla, nasikia watu wakisema huwa "yanakula bando" au "yanaharibu mashine", na wanayazima. La bando ni kweli, na lina tiba: unaweza kuiambia Windows kwamba mtandao unaoutumia ni wa kulipiwa kwa kipimo, ikapunguza upakuaji, kisha uyaruhusu masasisho unapofika mahali penye mtandao usio na kikomo. Kuyazima kabisa ni jambo jingine. Mnamo Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani kwa siku chache, ikafunga faili za watu na kudai fidia, na miongoni mwa walioathirika zilikuwamo hospitali za umma za Uingereza. Tundu lililotumiwa lilikuwa limezibwa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kiraka kilikuwa tayari, na kompyuta zilizoumia zilikuwa zile ambazo hazikukipokea.

Umeme wa kando ya ziwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa katika eneo letu ndipo mashine nyingi zinapofia. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi. Hewa yenye unyevu wa ziwa hupanda, hukutana na baridi ya milima inayolizunguka, na alasiri mawingu hufunga. Mtu wa Kisumu, Kisii au Kakamega hahitaji kuelezwa kinachofuata.

Hatari za umeme si moja, na kila kifaa cha kinga hukabili hatari yake. Kwanza, umeme unaweza kukatika. Pili, unaweza kuwa hafifu, taa zikawaka kwa wekundu. Tatu, unaweza kupanda ghafla, hasa unaporudi. Anayetegemea maji ya mfereji anaijua hali hii: maji yakikosekana siku mbili, siku yanaporudi hutoka kwanza kwa kishindo, hewa na matope pamoja, na mwenye busara haweki mtungi wa maji ya kunywa chini ya mkondo ule wa kwanza. Na nne, kuna radi yenyewe.

Gadi ya friji hutazama kiwango cha umeme, na kikishuka au kupanda kupita kiasi hukata, kisha hungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kungoja huko kuliwekwa kwa ajili ya mtambo wa kupoza wa friji, ambao hauvumilii kuwashwa mara tu baada ya kuzimika. Kwa kompyuta, gadi hiyo inaokoa mashine dhidi ya umeme mbovu, na si vibaya kuwa nayo. Lakini inapokata, kompyuta ya mezani huzimika hapohapo na kila kilichokuwa kwenye gunia huloa. Inalinda mashine, hailindi kazi. Kinacholinda kazi ni UPS, sanduku lenye betri linalokupa dakika chache za kuhifadhi ulichokuwa ukifanya na kuzima kwa utaratibu. Dakika hizo ni za kuzimia, si za kuendelea kutazama mpira. Betri yake huchoka baada ya miaka michache na huhitaji kubadilishwa, na printa ya leza isichomekwe humo, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Mwenye laptopu tayari ana betri yake ndani, kwa hiyo kwake UPS si lazima.

Ekstensheni zinazouzwa kama za kuzuia umeme unaopanda ghafla hutofautiana sana. Zilizo za kweli zina kijenzi ndani kinachomeza kile kishindo, na kila kikimeza huchakaa kidogo, mpaka siku moja kinabaki jina tu. Nyingine hazikuwa nacho tangu zilipotoka kiwandani. Dhidi ya radi iliyopiga karibu, hakuna kati ya vifaa hivi kinachotosha. Mawingu yakifunga, chomoa waya kwenye soketi, na kama una waya wa intaneti uliounganishwa na kompyuta, uchomoe nao, kwa sababu radi haijali imepitia waya gani. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Nafasi ndani ya swichi ni ndogo mno, na radi huiruka.

Mambo mawili madogo ambayo yamewagharimu watu pesa. Umeme wetu ni wa volti 240. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa 100 hadi 240 na hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo hazina shida. Lakini nyuma ya kompyuta nyingine za mezani za zamani, karibu na mahali waya unapoingia, kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 na ukawasha, utasikia mlipuko na kunusa harufu ya kuungua. Itazame kabla ya kuchomeka. La pili ni ule mwasho wa umeme ambao mtu huuhisi akigusa laptopu ya chuma inayochajiwa, miguu ikiwa wazi kwenye sakafu ya saruji. Mara nyingi hiyo huwa dalili kwamba waya wa ardhini haufanyi kazi, ama kwa sababu chaja ina pini mbili, ama soketi yenyewe haikuunganishwa na ardhi. Kwa kawaida mkondo huo ni mdogo, lakini soketi isiyo na waya wa ardhini ni hatari kwa nyumba nzima, na ni kazi ya fundi wa umeme aliyeidhinishwa, si ya fundi wa kompyuta.

Siku ya kwanza na siku zinazofuata

Saa nane za kuchaji ni urithi wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo zilihitaji kulelewa hivyo. Betri za leo ni za lithiamu. Huja zikiwa na chaji kiasi, na unaweza kuzitumia mara moja. Zinachochukia ni joto na kukaa zikiwa zimejaa kabisa kwa miezi. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na kwa laptopu inayoishi mezani ni mpangilio mzuri. Betri ikivimba hadi kuinua kibodi, acha kuitumia, usiitoboe.

Siku ya kwanza kuna swali ambalo watu hulipita haraka: akaunti. Kompyuta mpya za Windows mara nyingi hufunga diski kwa msimbo zenyewe, ili mwizi asiweze kusoma kilichomo, na ufunguo wa dharura, wenye tarakimu 48, huwekwa katika akaunti ya Microsoft uliyojisajilia. Fundi akibadilisha sehemu muhimu ndani, kompyuta inaweza kuudai ufunguo huo. Aliyefunguliwa akaunti na kijana wa dukani, kwa barua pepe ambayo hata haikumbuki, atakuwa na mashine nzima na faili zilizofungwa milele. Fungua akaunti yako mwenyewe, na tarakimu hizo ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na hati zako.

Kisha kuna yule anayejitolea kukuwekea programu za kulipiwa bila malipo. Karibu kila chombo cha kuvunja leseni huanza kwa kukutaka uzime ulinzi wa kompyuta. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, na aingie usiku, anastahili kuulizwa maswali. Microsoft Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows, ni ya bure na inatosha kwa nyumba nyingi. Kuongeza kinga ya pili juu yake hakuongezi usalama mara mbili, kwani kinga mbili zinazochunguza faili ileile hugongana na kuichosha kompyuta.

Jambo moja nililomwonyesha jirani yangu miezi kadhaa baadaye lilimshangaza kuliko hesabu ya gorogoro. Alilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, na akaapa kwamba huizima kila usiku. Tulibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukafungua ukurasa wa utendaji wa kichakataji, na pale chini palionyesha kwamba mfumo ulikuwa umewaka kwa siku 41 mfululizo. Hakuwa amedanganya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, unapozima kompyuta kwa kawaida, Windows huhifadhi sehemu ya kiini chake kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Kwa hiyo kuzima ni kama kulala, si kuoga. Anayetaka mfumo uanze upya kabisa achague kuwasha upya. Alifanya hivyo mbele yangu, na uzito ule ukapungua.

Kuhusu usafi, nitasema kwa ufupi. Kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kufunika nacho televisheni na redio kisifunike kompyuta inayofanya kazi, kwa kuwa huziba matundu ya hewa, na joto la Kisumu pekee linatosha. Wanaoishi karibu na ziwa wasiweke mashine chini ya taa penye dirisha wazi usiku. Wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga na hufia ndani ya feni. Nilipofungua kompyuta ya mezani iliyokaa miaka miwili katika shule moja, bamba la kupozea lilikuwa limefunikwa na kitu kama blanketi la kijivu, vumbi na mbawa za wadudu vikiwa vimeshikana, na hakuna hewa iliyopita. Unapopuliza vumbi, zima, chomoa, na ushike mapanga ya feni yasizunguke.

Nakala

Yote niliyoyaeleza kufikia hapa yanarefusha maisha ya mashine, na mashine hata hivyo itakufa, au itaibwa, au itamwagikiwa chai. Kanuni inayotumiwa na wanaotunza taarifa ni kuwa na nakala tatu za kila kitu unachokijali, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine mbali na nyumba. Flashi iliyo kwenye mkoba uleule wa laptopu si nakala ya pili, kwa maana mwizi hatabagua.

Hifadhi za mtandaoni husaidia: Google hutoa gigabaiti 15 bure na OneDrive hutoa 5, zinazotosha hati za familia nzima kwa miaka, ingawa si video. Wengi hawajui, hata hivyo, kwamba huduma hizi hulinganisha pande mbili. Ukifuta faili kwenye kompyuta, hufutwa na kule pia. Hukaa katika pipa la taka kwa takriban siku 30, kisha hupotea. Kwa hiyo bado unahitaji diski ya nje, inayounganishwa siku ya kunakili na kuchomolewa baada ya hapo, ili virusi au radi ikifika kwenye kompyuta isiikute diski ikiwa imeunganishwa nayo. Jirani yangu anaiacha ya kwake kwa dada yake Maseno, na huinakili upya kila likizo shule zinapofungwa.

Kabla hajaondoka nayo safari ya kwanza, nilimwomba aichomeke kwenye kompyuta yangu, ambayo haikuwahi kuiona diski hiyo, na afungue faili moja yoyote aliyoipenda. Alichagua picha ya mama yake akiwa shambani mwaka wa mwisho wa uhai wake. Ilifunguka.